Kusoma faili kubwa za GridFS kwa vipande: kwa nini herufi zinavunjika?

SWALI: Ndugu mhandisi, ninahifadhi matini za Kiswahili katika hifadhidata ya MongoDB kwa kutumia GridFS, sehemu yake ya kuhifadhi faili kubwa, na programu yangu imeandikwa kwa Python. Faili moja ina ukubwa wa GB 1.8 na seva ina kumbukumbu ya GB 4. Nilipoisoma yote kwa mkupuo, mfumo endeshi uliizima programu. Sasa ninatumia readchunk, inayosoma kipande kimoja kimoja, na kukigeuza kila kipande kutoka baiti kuwa matini kwa decode. Faili ndogo zinasomeka vizuri, lakini hii kubwa hukwama kwa ujumbe unaosema kuwa baiti 0xe2 katika nafasi ya 261119 haisomeki kwa kuwa data imekatika. Je, faili imeharibika, au niongeze ukubwa wa kipande? Kwa muda nimeweka errors="ignore", inayoiambia decode iziruke baiti zisizosomeka, na kazi inaendelea.

JIBU: Ndugu msomaji, faili yako ni nzima, na namba 261119 uliyoitaja ndiyo inayoitetea. Waraka mmoja wa MongoDB hauruhusiwi kuzidi MB 16, kwa hiyo GridFS huikata faili katika vipande ambavyo, usipoagiza vinginevyo, huwa na KB 255 kila kimoja, yaani baiti 261,120, na kuvipanga katika mkusanyo wa fs.chunks kwa namba zinazoanzia 0. Python nayo huhesabu nafasi kuanzia 0, hivyo nafasi ya 261119 ni baiti ya mwisho kabisa ya kipande. Kilichotokea ni kwamba kipande kimeishia katikati ya alama moja, na decode, ambayo haijui kuwa kuna kipande kingine nyuma yake, imelalamika kwa haki.

Alama yenyewe si vigumu kuikisia. Neno ng'ombe likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, ile ya kibodi ya kawaida, huchukua baiti 7 katika UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti, moja kwa kila alama. Programu nyingi za kuchapa, hata hivyo, huipinda ritifaa hiyo bila kumwuliza mwandishi, na ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu: e2, 80 na 99. Neno lilelile sasa lina baiti 9, na ndani ya ritifaa yake mna sehemu mbili ambapo ukingo wa kipande unaweza kupita. Tuseme matini zako zina ritifaa moja ya aina hiyo kwa kila baiti 500. Hapo ukingo mmoja kati ya 250 hivi utaikata. Faili yenye vipande 20 mara nyingi itapita salama, ndiyo maana majaribio yako yalifaulu, lakini yenye vipande karibu 6,900 haina pa kukwepea. Kuongeza ukubwa wa kipande, basi, kutapunguza kingo tu, na kosa litakaloonekana kwa nadra ni gumu zaidi kulisaka.

Dawa ni kutumia kisimbuzi (kigeuzi cha baiti kuwa matini) chenye kukumbuka, ambacho baiti zilizobaki ukingoni huziweka kando mpaka kipande kinachofuata kifike. Python inacho tayari katika moduli ya codecs:

kisimbuzi = codecs.getincrementaldecoder("utf-8")()
while kipande := faili.readchunk():
    andika(kisimbuzi.decode(kipande))
andika(kisimbuzi.decode(b"", True))

Tafadhali usiuache mstari wa mwisho. Huo ndio unaokiambia kisimbuzi kwamba hakuna baiti nyingine zinazokuja, na kama faili imekatika kweli, ni hapo utakapopata kosa lenye maana.

Ikiwa kazi yako inakwenda mstari kwa mstari, ipo njia nyepesi zaidi: soma kwa readline, kisha ugeuze mstari mzima. Baiti ya mwisho wa mstari, 0a, haitokei kamwe ndani ya alama yenye baiti nyingi za UTF-8, kwa hiyo mstari uliokatwa hapo hauwezi kuvunja herufi. Angalia pia toleo la PyMongo, maktaba ya Python ya kutumia MongoDB, ulilonalo, kwa sababu tangu 4.0 kuizungusha faili ya GridFS kwa for hutoa mistari, ilhali zamani ilitoa vipande. Msimbo wa zamani unaweza kubadilika tabia bila kutoa kosa lolote.

Kuhusu kumbukumbu, ulifanya vyema kuacha kusoma kwa mkupuo, na hasara yake ilikuwa kubwa kuliko unavyodhani. Tangu toleo la 3.3, Python huchagua upana wa herufi kwa kuangalia ile pana kuliko zote katika matini, na ritifaa moja tu iliyopinda inatosha kuifanya kila herufi ichukue baiti mbili. GB 1.8 za baiti huzaa karibu GB 3.6 za matini, na vyote viwili hukaa pamoja kwa muda. GB 4 zisingetosha kwa vyovyote.

Sasa errors="ignore". Hiyo iondoe leo. Ukingo ukiikata ritifaa, baiti ya kwanza hutupwa upande mmoja na mbili upande wa pili, na neno hubaki bila ritifaa pasipo onyo lolote. Ng’ombe akiwa ngombe, msomaji ataona kosa la tahajia. Lakini ng’oa ikiwa ngoa, umepata neno halali la Kiswahili lenye maana ya tamaa au wivu, na hakuna kikagua tahajia kitakacholishuku. Kwa kuwa huwezi kuyatafuta maneno ambayo hujui yako wapi, matini zote zilizokwisha kupita katika njia hiyo zifute na uzitoe upya kutoka GridFS, ambako baiti za asili hazikuguswa.