Testi inapita usiku, asubuhi inafeli: majibu kwa mliouliza

Wakuu habari za baridi, maswali ya kutesti programu za simu kwenye emuleta (simu ya Android ya kuigiza ndani ya kompyuta) yamekuwa mengi, twende moja moja.

*Kaka, programu yangu ya mawakala wa viazi hapa Uyole inapita testi zote usiku, asubuhi inafeli na sijagusa kitu. Shida nini?*

Data ya jana. Mimi nilihangaika siku tatu Mwanjelwa na testi iliyotakiwa ione gunia 12 inaona 24, kumbe emuleta ukiizima inalala na kila kitu chake na ukiiwasha inaamka palepale ilipoishia, kwa hiyo gunia za jana zilikuwa bado zimo. Nenda Device Manager ndani ya Android Studio bonyeza Wipe Data (futa data zote), au bora zaidi piga snapshoti, yaani hifadhi hali ya emuleta ikiwa safi, na kila testi ianzie hapo. Zima na zile animesheni tatu (miondoko ya skrini) kwenye mipangilio ya madevelopa. Halafu tafadhali acha kuandika "subiri sekunde 5" kwenye testi, subiri kitufe chenyewe kitokee, maana laptopu ikichoka hizo 5 hazitoshi.

*Kwangu iko fasta, wateja wa vijijini Tukuyu wanalia.*

Emuleta yako inakula intaneti ya ofisini na RAM ya kumwaga. Tengeneza nyingine yenye RAM 2GB, mtandao weka EDGE (ule wa polepole wa 2G), kisha kata mtandao katikati ya kutuma rekodi ya mzigo uone kama inaingia mara mbili, hapo ndo pesa za watu zinapopotelea na hapo ndo nakuomba ukae muda mrefu.

*Niko Mafinga, laptopu RAM 8GB, emuleta inakwama balaa.*

Ingia BIOS (mipangilio ya laptopu kabla Windows haijawaka) uwashe VT-x, kipengele cha prosesa za Intel kinachoipa emuleta kasi, kama ni AMD inaitwa SVM, na uchague imeji (mfumo wa Android wa emuleta) ya x86_64. Ikigoma chomeka simu yako kwa USB, inatosha kabisa kuanzia.

*Naweza kutesti kwa Simulator ya iPhone (iPhone ya kuigiza) bila Mac, kompyuta ya Apple?*

Hapana, Simulator ya Apple inakaa kwenye Mac tu.

*Kwa hiyo simu halisi, kama ya dada yangu, niachane nazo?*

Usiachane. Simu nyingi za bei nafuu zinaua programu ikienda nyuma ili kutunza chaji, emuleta haikuonyeshi hilo. Mwambie dada akuazime yake jioni moja, fungua programu, tuma rekodi ya mzigo, zima kioo nusu saa, urudi uangalie kama imefika.