Usiiamini Namba ya Mashine, Pima Yai Lenyewe

Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu unyevu wa mashine za kuangulia mayai. Nimeanza na lile lililonigusa zaidi.

Mwalimu, mashine yangu ilionyesha unyevu wa asilimia 55 tangu siku ya kwanza, na joto lilikuwa sawa. Siku ya 21 walitoka vifaranga wachache tu. Nilipopasua mayai yaliyobaki nikakuta vifaranga wakubwa, wamelowa, wamefia ndani. Shida ni nini? (Njoro, Nakuru)

Pole sana, mama. Kifaranga aliyekamilika akifa ndani ya ganda huku amevimba na kulowa, mara nyingi aliuawa na maji mengi, si maji kidogo. Yai linapaswa kupoteza maji polepole kupitia vitundu vya ganda, ili nafasi ya hewa iliyo upande wake mnene ipanuke. Humo ndimo kifaranga anamovuta pumzi ya kwanza kabla ya kudonoa ganda. Nafasi hiyo ikiwa finyu, hana pa kupumulia.

Sasa, asilimia 55 ni sawa kwa siku 18 za kwanza, maana kuku wanataka kati ya 45 na 55. Ninachoshuku ni kipimo chenyewe. Vile vidogo vya dijitali hukosea sana, na kwa macho huwezi kujua. Kijaribu leo usiku. Jaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa ya soda, tia matone ya maji mpaka ilowe bila kuyeyuka. Iweke pamoja na kipimo ndani ya mkebe wa plastiki unaofunga kabisa, uuache mahali pasipo jua hadi asubuhi. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, uwe Njoro au uwe Mombasa. Kipimo kikisoma 66, ujue kinapunja 9, na ile 55 yako ilikuwa kama 64. Ikiwa kipimo cha mashine hakitoki, nunua kingine kidogo, kijaribu hivyo hivyo, kisha kilaze usawa wa mayai.

Hata hivyo, mimi naamini mizani ya jikoni kuliko kipimo chochote. Kufikia siku ya 18, yai la kuku liwe limepoteza asilimia 11 hadi 14 ya uzito wake. Tuseme trei yako ya mayai 30 ilianza na gramu 1,650. Siku ya 7 itafute karibu na 1,570, siku ya 14 karibu na 1,485, na siku ya 18 karibu na 1,435. Ukikuta 1,610 siku ya 7, punguza maji. Ukikuta 1,530, ongeza. Na ukitoa yai lisilo na mbegu baada ya kumulika kwa tochi, usisahau kuliondoa kwenye hesabu.

Shemeji yangu wa Nakuru huweka mabeseni mawili ya maji ndani ya mashine, na anafaulu. Nimuige? (Nyalenda, Kisumu)

Usimuige, dada. Hewa ikipashwa joto, unyevu wake hushuka. Hewa ya Nakuru yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70, ikifikishwa nyuzi 37.5, hubaki na asilimia 25 hivi. Ya Kisumu yenye nyuzi 25 na asilimia 75 hubaki na kama 37. Unaanza ukiwa mbele yake. Tena Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, na huko yai hupoteza maji haraka zaidi. Anza na chombo kimoja kidogo, na wakati wa mvua za masika huenda usihitaji hata hicho. Kumbuka pia kwamba kinacholeta unyevu ni upana wa maji, si kina. Kujaza beseni hadi ukingoni hakuongezi kitu.

Nina sanduku la mbao, balbu na feni ndogo. Kipimo cha unyevu sina. (Mumias)

Tafuta vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiache kikavu. Kingine kivishe kitambaa cha pamba kwenye ncha, mkia wa kitambaa uwe ndani ya kikombe cha maji, na upepo wa feni ukifikie. Kikavu kikisoma 37.5, chenye kitambaa kikisoma 29 maana yake ni asilimia 53 hivi, na 32 ni kama 68. Badilisha kitambaa kikianza kukakamaa. Bila feni njia hii hudanganya, husoma juu kuliko hali ilivyo.

Siku ya 20, wengine wameshadonoa. Nifungue niwasaidie? (Ahero)

Hapana, tafadhali. Ukifungua, unyevu hutoka mara moja, utando unakauka na kumbana kifaranga asiweze kujizungusha. Tangu siku ya 18 acha kugeuza mayai, pandisha unyevu hadi 65 au 70, na maji ya ziada yapitishe kwa mrija kwenye tundu. Matundu ya hewa usiyazibe. Kutoka kudonoa hadi kutoka kunaweza kuchukua siku nzima, na ni kawaida.

Na bata je? (Kakamega)

Bata wa kawaida siku 28, wale wenye nyama nyekundu usoni siku 35. Hesabu ya uzito ni ile ile, igawe kwa siku zao. Unyevu upandishe siku tatu za mwisho.

Maji ya moto au baridi? (Busia)

Vuguvugu, maana ya baridi hushusha joto la mashine. Na chombo kioshe kwa sabuni kila baada ya kuangua. Maji yaliyotuama kwenye joto hilo huzaa vijidudu, na kifaranga anayetoka kwenye ganda kitovu chake hakijaziba.