Kibao cha KEEP LEFT cha kuwaka taa: nichomeke tu kwenye umeme?

Swali: Fundi habari. Niko Uingereza, nimeuziwa kwenye skrepa kibao cha zamani cha barabarani, lile boksi linalowaka kwa ndani, kimeandikwa KEEP LEFT. Kina tyubu mbili fupi, choki moja (ile koili inayodhibiti umeme wa tyubu) na kapasita. Nataka kukitunza nyumbani. Nikiweka plagi si kitawaka? Na plastiki imekuwa njano, nipige thina?

Jibu: Kaka usichomeke, na hiyo thina irudishe dukani leo leo.

Hongera kwanza, hayo maneno ndo umri wenyewe. Alama mpya za Uingereza, zilizochorwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert, zilianza Januari 1965 na hapo KEEP LEFT ya maneno ikapisha mshale mweupe kwenye duara la bluu. Ila vya ndani huenda ni vya juzi juzi, matumbo hubadilishwa boksi likabaki.

Sasa fungua, piga picha kila waya kabla hujagusa kitu, halafu angalia kapasita, kale kakopo. Kama ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980 inaweza kuwa na mafuta ya PCB, hiyo ni sumu, kwa hiyo vaa glovu, itie kwenye mfuko wa plastiki na upeleke wanakopokea taka za sumu, sio kwenye pipa. Kama imefungwa kati ya laini (waya wenye moto) na nyutro tyubu zitawaka hata bila hiyo kapasita.

Waya ukiukunja ganda likapukutika, badilisha zote. Kikiwa bado hakijachomekwa, unganisha kwa muda laini na nyutro pamoja, pima dhidi ya boksi na mega ya volti 500, kile kipimo cha kuona kama umeme unavuja, ikisoma chini ya megaomu 1 usiendelee. Boksi la chuma lazima lipate ethi, waya wa kwenda ardhini. Halafu ndo unawasha kupitia balbu ya kizamani ya wati 100 iliyofungwa siriz, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndo ufike kwenye kibao, balbu ikiwaka full ujue kuna shoti ndani, ikiwaka kwa kufifia hakuna shoti. Mimi niliwahi kuruka hii hatua kwa kiherehere, choki ikayeyusha lami yake na jiko likanuka barabara mpya wiki nzima, mama watoto mpaka leo ananikumbusha.

Kuhusu plastiki, thina na spiriti zinaitia nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui na hazirudi. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa laini, baadaye polishi ya plastiki kidogo. Unjano hautaisha wote, uache. Herufi usizipake rangi mpya, lebo ya kiwanda usiibandue, ukiking'arisha sana utabaki na kibao kipya cha uongo.

Ukitaka kiwake kila jioni funga tyubu za LED, choki ibaki humo humo lakini ichomolewe kwenye umeme. Na risiti ya skrepa unayo? Vibao vya barabarani ni mali ya mamlaka ya barabara, makumbusho au mnunuzi yeyote makini ataanza na swali hilo.