Jibu: Giza la mwezi, naacha mbao ufukweni Mikindani, kuna shida?

Mkuu, hizo mbao zitoe leo hii. Umeandika kwamba wiki hii ni giza, mwezi "umefunikwa na kivuli cha dunia", kwa hiyo bahari haitakuwa na nguvu. Maneno hayo hayo yalinilia viroba 38 vya chumvi.

Ilikuwa Septemba, huku Lindi. Nimevuna majaruba, viroba nimevipanga kando ya tuta nangoja gari la kesho yake. Jamaa mmoja mwenye miwani, anajiita mjuzi wa nyota, akaniambia bamvua, yale maji makubwa yanayopanda sana na kupwa sana, ni la mwezi mpevu tu. Gizani mwezi umezibwa na dunia, hauvuti kitu. Na soda nikamnunulia! Saa kumi alfajiri maji yakapanda tuta kimya kimya. Nilipofika, viroba vimenywea kama pweza aliyepigwa, chumvi imerudi kwao. Mpaka leo nikilalamika mchuzi hauna chumvi, mke wangu ananiambia nikadai baharini.

Kivuli cha dunia ni kupatwa kwa mwezi. Kunatokea mwezi ukiwa mpevu, kwa saa chache, tena si kila mwezi. Giza ni jambo jingine kabisa: mwezi umepita upande wa jua, nusu yake yenye mwanga imelielekea jua, sisi tumepewa mgongo. Haujapungua hata kilo. Na kwa kuwa jua na mwezi viko upande mmoja, vinavuta bahari kwa pamoja. Ndiyo maana katika kila siku 29 na nusu bamvua linakuja mara mbili, gizani na kwenye mpevu, na maji hukolea siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, bahari haipandi sana wala haipwi sana, maana jua linavuta huku, mwezi kule. Kama ni kuacha mbao, ungeacha siku hizo, na bado mimi nisingeacha.

Kina mama wanaochokoa pweza wangenieleza bure. Giza likiingia wanajua asubuhi maji yatapwa mbali, miamba itabaki wazi. Sikuwauliza, si nilikuwa na mjuzi wangu wa soda?

Mwezi usipouona, uhesabu kama mpevu. Mimi siku hizi naenda na hilo tu.

Na lile swali lako jingine, kwa nini mwezi mchanga huku kwetu unalala kama mtumbwi, baadaye. Mbao kwanza. Umeshazitoa?