Kuziba kwa muda bomba la ekzosi lililotoboka

SWALI: Fundi, gari langu dogo la petroli linanguruma tangu juzi. Nilipochungulia chini niliona bomba la ekzosi limetoboka usawa wa kiti cha nyuma, tundu kama punje ya harage, na ndani tunasikia harufu ya moshi. Niko Pawaga, na fundi wa kuchomelea ninayemwamini yuko Iringa mjini. Je, naweza kuliziba mwenyewe ili Jumamosi nisafiri na watoto hadi Dar es Salaam?

JIBU: Ndugu msomaji, tundu hilo linazibika, lakini kiraka hicho kikufikishe Iringa mjini tu, na watoto wabaki nyumbani mpaka bomba litakapochomelewa. Ngurumo ni kero. Kinachonitia hofu ni moshi unaoingia ndani, kwa sababu una kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, kwa hiyo harufu mnayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo katika moshi, na ikipungua msidhani kuwa hatari imekwisha.

Subiri bomba lipoe kabisa, kisha zuia magurudumu kwa mawe, nyanyua gari kwa jeki na uliegemeze juu ya stendi madhubuti, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayelala chini ya gari. Bonyeza kwa bisibisi kuzunguka tundu: bati likibonyea au kumeguka, limeoza na kiraka hakitashika, hivyo ni heri fundi aje kulikata hapohapo. Likiwa gumu, lisugue kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Hapa wengi hufanya haraka, wakapaka gundi juu ya kutu, nayo hubanduka pamoja na kutu hiyo baada ya matuta machache.

Paka gundi maalumu ya ekzosi, inayouzwa katika maduka ya vipuri, kisha zungushia kipande cha bati la kopo la maziwa ya unga kinachopita tundu kwa sentimita 5 kila upande, maungio yake yakiwa upande wa pili wa tundu, na ukibane kwa klipu mbili za chuma kama zile za mpira wa rejeta. Kopo la soda ni jembamba mno, na kwa kuwa ni la alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, halifai kamwe karibu na injini. Gundi ya kawaida ya plastiki nayo itaungua. Washa injini gari likiwa nje, liache lingurume taratibu kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti ili gundi ikauke, kisha paka maji ya sabuni kwenye kingo za bati kabla halijapata moto sana. Mapovu yakitokea, kaza klipu.

Njiani fungua madirisha yote, na usikae ndani injini ikiwaka gari likiwa limesimama. Ukihisi kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, egesha, zima injini na utoke mara moja. Ukifika mjini, mwambie fundi akate kipande chote kilichooza na kuchomelea kipya, na kabla hajawasha mashine yake achomoe waya wa hasi wa betri, umeme wa kuchomelea usije ukaunguza kompyuta ya gari.