Jiko la picha na jiko la kupikia: majibu ya maswali yenu

Tangu nilipogusia urefu wa kaunta mwezi uliopita, meseji hazijakoma. Nimechagua chache ambazo naona zinawagusa wengi. Kabla ya kuanza, tahadhari ndogo: Kiswahili chetu kina neno moja, jiko, kwa chumba na kwa chombo cha kupikia. Fundi akikuambia saiti kwamba "jiko litakaa hapa", muulize jiko lipi. Nimeshaona bomba la gesi likitokeza katikati ya mlango kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Tunajenga Kibaha. Mume wangu anataka jiko liungane na sebule, kama anavyoona kwenye simu. Mimi nawaza harufu ya dagaa ikiingia kwenye makochi. Nani ana haki? (Mama wa wawili, Kibaha)

Nyote wawili, mama, ila wewe zaidi. Jiko lililoungana na sebule linamfaa mtu anayepasha chakula kuliko anayekaanga. Sisi karibu kila mboga inaanza na kitunguu kwenye mafuta ya moto, na samaki wa kukaanga habishi hodi, anaingia hadi chumbani.

Nimeingia nyumba nyingi zenye jiko la aina hiyo. Kaunta inang'aa, kabati bado zina ile plastiki ya dukani, na mpishi yuko wapi? Uani, kwenye kivuli cha simtanki, ameinamia jiko la mkaa. Hilo la ndani ni jiko la picha. Basi kubalini tangu kwenye ramani kwamba mna majiko mawili, na yote mawili myajenge vizuri. La uani mlipe paa, sakafu ngumu, taa na meza ya saruji, na mbili kati ya pande zake zibaki wazi. Lisiwe banda la mabati ya kuokoteza. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na heri iwe hivyo, lakini maharage ya leo kwa wengi wetu bado yanachemka kwenye mkaa. Mkaa huo usiingie ndani hata siku ya mvua. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na imeua watu waliolala nayo wakiota joto.

Kwa la ndani, mwambie baba ajenge ukuta wa nusu, sentimita 110 hivi, na juu yake dirisha pana la kusukuma. Ukikaanga unafunga. Ukimaliza unafungua, mnapiga soga na sahani zinapitia hapohapo.

Halafu angalieni upepo kabla ya kuchimba msingi. Pwani, kusi inavuma miezi mingi ikitokea kusini na kusini mashariki, na kaskazi inatokea kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Jiko likiwa upande wa magharibi wa nyumba, pepo zote mbili zinatoa moshi nje badala ya kuusukuma sebuleni. Ubaya wake ni jua la alasiri, linalokupiga usoni saa ileile unayoandaa cha jioni. Refusheni paa upande huo, au pandeni mwembe mapema.

Shikamoo fundi. Mama yangu amehamia kwetu. Anakuna nazi na kuchambua mchele akiwa amekaa chini, na kaunta yetu haina faida kwake. Anaona haya kukaa katikati ya njia, siku hizi anashinda chumbani. Nifanyeje? (Binti yake, Tanga)

Marahaba mwanangu. Swali hili limenigusa, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilimjengea mama mmoja kaunta ya sentimita 90, kama vitabu vinavyosema. Niliporudi kudai fungu la mwisho nikamkuta amesimama juu ya kreti la soda, kaligeuza, anakatakata mchicha. Hakunilalamikia hata neno. Siku hizi sianzi na futi ya fundi, naanza na kiwiko cha mpishi. Simama wima, kunja mkono, pima toka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo kaunta yako. Pa kusukumia chapati pashuke zaidi, maana unga unasukumwa kwa uzito wa mwili. Ukisukumia mahali pa juu, yanaumia mabega.

Sasa mama. Usimwinue, mshushie jiko. Karibu na mlango wa uani acha sakafu tupu ya mita 1 kwa mita 1.25, nje ya njia ya wanaobeba masufuria. Weka vigae vya kukwaruza visivyoteleza. Ukutani toa bomba la chini, kama sentimita 50 toka sakafuni, ndoo ikae chini yake, na tundu la kutolea maji pembeni. Ongeza rafu moja anayoifikia akiwa amekaa, iwe ya mbuzi wake, ungo, kinu kidogo na kata. Dirisha la upande huo lishuke, aone nani anapita. Kiti cha mbuzi akiamua kukiweka pale, basi pale ni pake, na asiambiwe "mama sogea kidogo".

Gharama ya bomba na vigae vya sehemu hiyo ni ndogo kuliko ya mlango mmoja wa kabati la kisasa. Na mwanao akijifunza kukuna nazi, atajifunzia hapo.

Nimepanga. Jiko ni hatua mbili kwa tatu, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. (Mpangaji, Temeke)

Usilidharau jiko dogo. Mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba za manispaa ya Frankfurt kule Ujerumani. Lilikuwa na mita 1.9 kwa 3.4. Alitazama namna chakula kinavyoandaliwa kwenye behewa la treni, akahesabu hatua za mpishi, akapanga kila kitu mkono ufike. Makabati yaliyojengewa ukutani tunayoyaona leo yanafuata nyayo zake. Kasoro yake ni kwamba lilikuwa la mtu mmoja. Wa pili akiingia, mnagongana.

Kwako, toa kwanza visivyopikiwa kila wiki. Masufuria ya shughuli yaende uvunguni, yatoke siku ya maulidi au kipaimara. Nunua stendi ya chuma inayosimama yenyewe, nyembamba na ndefu. Ungo, kawa na chujio vining'inie kwenye ndoano za kupachika juu ya mlango. Mwambie seremala akukatie ubao wa kufunika sinki: ukishaosha vyombo unaulaza, tayari una meza. Vyombo vilivyooshwa vikauke kwenye kichanja nje kama uani pana usalama. Atakayekusaidia kumenya akae mlangoni, miguu nje. Hakuna ubaya.

Mtungi wa gesi nauweka chini ya sinki, ndani ya kabati, usionekane. Rafiki yangu anasema ni hatari. (Dodoma)

Msikilize rafiki yako, tena leo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujikusanya mabondeni, na kabati lililofungwa ni bonde tosha. Mtungi ukae nje, umesimama wima, kwenye kivuli na penye hewa, mpira au bomba lipite ukutani. Ukishindwa kabisa kuutoa, ukae ndani mahali pa wazi karibu na mlango, au kabati litobolewe matundu chini, usawa wa sakafu, yanayotoka nje. Matundu ya juu peke yake hayakusaidii.

Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, panavuja. Ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili tuisikie, kwa hiyo ukiisikia usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, toka.

Fundi, twataka jiko jeupe lote, marumaru na kabati. Mwaonaje? (Mombasa)

Naona manjano. Bizari ikidondoka kwenye marumaru halisi inaacha doa, na ndimu inaila marumaru hadi inapoteza mng'ao. Nyumba ya pilau na samaki wa kupaka itachoka mapema. Graniti yenye madoadoa au terazo inasamehe mengi. Kama roho yenu iko kwenye weupe, uwe ukutani, kwenye vigae, na saruji ya katikati ya vigae iwe ya kijivu.

Kwa kabati ndiko ningetia pesa. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Zile mbao za unga uliogandamizwa, MDF, zikinywa maji chini ya sinki zinavimba kama mkate kwenye chai. Chini jengeni rafu za saruji na vigae, milango iwe ya mbao halisi, bawaba za chuma cha pua. Milango iwe na matundu au nakshi za kupitisha hewa, kama za kabati za zamani pale Mji wa Kale. Wale walijua wanafanya nini.

Wanangu wanafanyia homework jikoni, na wageni nao wanaishia hukohuko. Nawafukuza, wanarudi. (Mwanza)

Acha kuwafukuza, wajengee benchi la ukutani, sentimita 45 toka sakafuni, na meza ya 75. Liwe mkabala na jiko la kupikia, lisiwe ubavuni mwake, na njia ya kwenda kwenye friji isipite kati ya mpishi na moto. Taa moja iwe juu ya meza, swichi yake peke yake. Chini ya benchi kuwe na mifuniko ya kuinua. Humo utahifadhi viazi, vitunguu na, nakuhakikishia, viatu vya shule.