Kwa unayeanza sosholojia ya familia: kila nadharia ina swali lake

Mada ya familia huwapata wanafunzi wakiwa na uhakika ambao hawana katika mada nyingine za sosholojia. Urasimu huwatisha na takwimu huwatisha, lakini familia kila mtu ameishi ndani yake au ameikosa kwa uchungu, kwa hiyo kila mtu huhisi anaifahamu. Matokeo yake nayaona kila ninaposahihisha insha: wanauamilifu, yaani wanaoiona jamii kama mwili ambao kila kiungo kina kazi yake, wanasema familia ni nzuri, Wamarx, wafuasi wa Karl Marx, wanasema ni mbaya, wafeministi wanasema ni mbaya kwa wanawake, kisha faida na hasara, kisha hitimisho. Insha ya namna hiyo haiwi na kosa la wazi la kukusahihishia, na ndiyo maana ni vigumu kuiacha.

Nakushauri uanze kwingine. Kabla hujauliza nadharia inaisifu familia au inaishutumu, uliza ilikuwa inajibu swali gani. Chukua tukio dogo la kawaida. Mtoto ameshikwa na homa usiku wa manane. Mama anaamka, anampima joto, anakaa naye mpaka alfajiri, kisha anakwenda kazini akiwa hajalala. Baba amelala, kwa sababu asubuhi ana kazi. Sasa wapelekee wanasosholojia tukio hilo, mmoja baada ya mwingine.

Talcott Parsons, mwanauamilifu wa Marekani aliyeandika pamoja na Robert Bales mwaka 1955, angeona mgawanyo wa majukumu: mmoja anashughulika na hisia na malezi, mwingine na riziki ya nje. Swali lake lilikuwa hili: viwanda, shule na serikali zikishachukua kazi nyingi zilizokuwa za familia, inabaki na kazi gani isiyoweza kufanywa na mwingine? Akajibu kwamba zinabaki mbili: kumlea mtoto mpaka maadili ya jamii yawe sehemu ya nafsi yake, na kuwapa watu wazima utulivu wa moyo. Mwanafunzi anayemkejeli Parsons kwa kuwa aliwaweka wanawake nyumbani ana haki ya kumkosoa. Lakini akumbuke pia kwamba Parsons alikuwa akiitazama Marekani ya baada ya vita, hasa tabaka la kati, na kwamba swali la nini kinabaki bado liko hai.

Tena usidhani wafuasi wa uamilifu walifumbia macho maumivu. Mwaka 1960 Ezra Vogel na Norman Bell waliandika kuhusu familia ambazo wazazi wenye mvutano usiosemwa humbebesha mtoto mmoja uzito wote: yeye ndiye mkorofi, yeye ndiye tatizo, na wazazi wakishakubaliana hivyo, ndoa inatulia. Familia inadumu, mtoto anaumia. Nadhani hilo ni miongoni mwa mambo makali zaidi kuwahi kuandikwa kuhusu dhima ya familia, na lilitoka ndani ya mkabala uleule tunaoambiwa unaisifu familia tu. Nalipenda pia kwa sababu linatufundisha kuuliza: dhima hii ni kwa manufaa ya nani?

Hilo ndilo swali la Wamarx. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1884 kuhusu asili ya familia, mali binafsi na dola, alisema ndoa ya mke mmoja iliimarika pale wanaume walipokuwa na mali na wakataka kuwa na hakika kwamba warithi ni watoto wao. Ushahidi wake aliutegemea sana kwa mwanaanthropolojia Lewis Henry Morgan, na wanaanthropolojia waliofuata waliukataa mpangilio wa hatua za historia aliouchora. Wengi huishia hapo na kumtupa. Usimtupe. Uhusiano alioonyesha kati ya mali na familia unaonekana popote penye wosia, talaka au mgogoro wa urithi. Ukirudi kwenye usiku ule wa homa, Mmarx atakuuliza: asubuhi, mwajiri anapata mfanyakazi aliyelala vizuri na baadaye atapata kizazi kipya cha wafanyakazi, ni nani aliyelipia malezi hayo?

Wafeministi wakalichukua swali hilo wakalipeleka jikoni, na hapa nakuomba utulie kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa maana ndipo palipobadilisha somo zima. Ann Oakley, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1974, aliwahoji akina mama wa nyumbani 40 wa London, na alichofanya ni jambo ambalo leo linaonekana rahisi: aliwauliza maswali ambayo wanasosholojia walikuwa wakiwauliza wafanyakazi wa viwandani. Unafanya kazi kwa saa ngapi? Inachosha? Kazi ile ile inajirudia? Wastani ulifika saa 77 kwa wiki, na malalamiko ya kazi yenye kuchosha kwa kujirudia yalizidi hata yale ya wafanyakazi wa viwandani aliowalinganisha nao. Kabla ya hapo, kufua, kupika na kuamkia mtoto usiku vilihesabiwa kuwa upendo au silika ya mama, kwa hiyo havikuhitaji kuchunguzwa. Christine Delphy, huko Ufaransa, alikuwa ameshaeleza mwaka 1970 kwamba kazi hizo hazikosi malipo kwa sababu ya aina yake. Kupika kwa mtu mwingine kunalipwa; kupika kwa mume hakulipwi. Kinachoamua ni uhusiano wa anayefanya na anayefanyiwa. Elewa hoja hiyo vizuri na nusu ya mijadala ya ufeministi kuhusu familia itakufungukia yenyewe.

Arlie Hochschild alipoandika mwaka 1989 kuhusu zamu ya pili, wanawake wengi wa Marekani walikuwa tayari kwenye ajira, lakini bado waliporudi nyumbani kazi nyingine iliwasubiri. Soma hasa jinsi wanandoa wanavyojisimulia kwamba wanagawana sawa wakati hawagawani. Pale utaona kwa nini mkabala wa maingiliano ya ishara una nafasi yake: watu huijenga maana ya familia yao kwa mazungumzo ya kila siku, na maana hiyo huweza kuficha mambo. Ernest Burgess alikuwa ameshaiita familia umoja wa nafsi zinazoingiliana tangu 1926. Kwa mkabala huo, usiku ule wa homa unazaa swali dogo lakini zito: ilikubalika vipi, bila mtu kusema neno, kwamba mama ndiye ataamka?

Neno moja kuhusu ushahidi. Usikubali dai la jumla kabla hujajua limetoka wapi. George Murdock alilinganisha jamii 250 na mwaka 1949 akatangaza kwamba familia kiini, yaani wanandoa na watoto wao, ipo kila mahali. Mwanaanthropolojia Kathleen Gough akaja na Wanayar, jamii ya kusini mwa India, jinsi walivyoishi kabla ya utawala wa Waingereza: wanaume wakiwa askari wa kuondoka mara kwa mara, mume akimtembelea mke usiku na kurudi kwao asubuhi, na watoto wakikulia katika nyumba ya ukoo wa mama chini ya mjomba. Nani hapo ni familia kiini? Kisa kimoja kinatosha kulitikisa dai la kila mahali, ingawa hakitoshi kuthibitisha kwamba familia si ya lazima.

Vivyo hivyo na hadithi ya kwamba zamani watu waliishi katika familia pana, kisha viwanda vikaja vikazivunja. Utaikuta kwenye insha nyingi kama jambo lisilohitaji ushahidi. Peter Laslett alipochambua kumbukumbu za vijiji na miji ya Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 16, alikuta wastani wa watu 4.75 tu kwa kaya, muda mrefu kabla ya viwanda. Na Michael Anderson, akitumia sensa ya 1851 ya mji wa viwanda wa Preston, alikuta asilimia 23 ya kaya zina jamaa wa nje ya familia kiini: watu maskini walikuwa wakikaa pamoja kwa sababu ugonjwa, ukosefu wa kazi na yatima viliwalazimu kutegemeana. Kwa huko, viwanda viliwakusanya jamaa badala ya kuwatawanya. Hayo ni ya Uingereza; usiyapeleke kwingine bila kuchunguza.

Utakutana pia na waandishi wa karibuni, kama David Morgan mwaka 1996, wanaosema tuiangalie familia kama mambo ambayo watu hufanya badala ya kitu ambacho watu wanacho. Ni fikra nzuri, na wanaoanza huipenda kwa sababu inawatoa kwenye ugomvi wa fasili. Ila sheria za mirathi, hospitali inayouliza jamaa wa karibu na ofisi ya vizazi na vifo bado hutaka jibu la nani ni nani. Itumie ukiwa na hilo kichwani.

Mwisho, kuhusu mifano ya nyumbani kwenu. Itumie, kwa kuwa inakufanya ufikiri kwa dhati, lakini usiiweke badala ya utafiti, na usimwandike mama, kaka au shangazi kwa namna ambayo msomaji atamtambua. Badilisha yanayomtambulisha, na kama jambo ni la siri, muulize kwanza. Akikataa, tafuta mfano mwingine.